Mabuku mapya yanayotusema: tusome nini nyumbani?



Kila mara ninapoandika katika kurasa hizi juu ya kusoma, barua zinanirudia na ulizo moja: «Pasta, munatuambia tusome, tusome. Tusome nini basi?» Kijana mmoja aliongeza kwamba kabati ya mabuku ya parokia yao imejaa mabuku ya wakati wa babu yake, na panya wamekwisha kuanza kuyasoma mbele yake. Nilicheka, lakini ana haki. Leo basi nitawapa majina. Sitawapa mengi. Nitataja yale ninayoyajua, na nitasema wazi lipi ni la watoto, lipi ni la watu wazima, na lipi linanichokoza.

Mbele ya majina, sikieni neno hili. Katika miaka hii ya nyuma mabuku mengi yametoka juu ya Kongo yetu, juu ya shaba, juu ya kobalti, juu ya vita ya mashariki, juu ya mambo ya ukoloni. Mengine yaliandikwa na wageni. Mengine yaliandikwa na watoto wetu wenyewe, hata mmoja aliyezaliwa Lubumbashi. Mtu wa Brussels au wa London anaingia dukani, ananunua, anasoma juu ya udongo tunaoukanyaga sisi. Na mwenye kuchimba udongo ule hajui hata kama buku iko. Mama mmoja wa kanisa letu, asiyejua kusoma Kifaransa, alisikia hayo akasema: «Banatusema, na sisi hatusikie.» Maneno yake hayajanitoka kichwani mpaka leo.

Nianze na buku iliyo katika lugha yetu. Jina lake ni Peponi. Mwandishi ni Abdulrazak Gurnah, mtu aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 akapewa Prix Nobel ya maandiko. Yeye aliandika kwa Kiingereza, na buku hii ilitoka kwanza mwaka 1994. Lakini mwaka 2022 Mkuki na Nyota, wachapishaji wa Dar es Salaam, waliitoa kwa Kiswahili, kwa kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis. Angalieni vizuri: ilipita miaka 28 mbele hadithi ya watu wa Kiswahili kufika kwa Waswahili kwa lugha yao.

Ni hadithi ya mtoto Yusuf, wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo na deni kubwa. Kuna tajiri mmoja anayepita nyumbani mara kwa mara, mtoto anamwita mjomba, anapewa naye vifranka kidogo, anafurahi. Siku moja anaambiwa: utasafiri na mjomba. Anapanda treni. Baadaye tu, katika duka la yule tajiri, mtoto mwingine mkubwa kuliko yeye anamfungua macho: yule si mjomba wako, baba yako ana deni, na wewe ndiwe rehani. Kutoka hapo anapelekwa na msafara wa biashara mpaka mbali sana bara, kwenye nchi za maziwa makubwa, wakati Wajeremani wanaanza kukamata inchi ile.

Kwa nini ninaiweka ya kwanza? Sababu katika kartie zetu ninamjua Yusuf. Ninamjua wa miaka 15, alikuwa mwaka wa pili wa sekondari, mwenye akili ya hesabu. Baba yake alikopa kwa mnunuzi wa mawe wakati wa ugonjwa wa mama, na deni likakataa kwisha. Hakuna mtu aliyesema «ninamtoa mtoto». Hapana. Ilianza na siku ya posho tu, kwenda kuosha mawe. Kiisha siku mbili. Kiisha shule ikamrudisha sababu ya minervale. Munajua tangu 2019 kalasi za msingi katika shule za serikali hazilipwi, lakini sekondari inalipwa, na hapo ndipo watoto wengi wanaanguka. Yule mnunuzi, mtoto anamwita papa mdogo.

Tulisoma Peponi kwa sauti katika lupangu ya nyumba moja jirani na ile familia. Baba ya mtoto alikuwa akitengeneza kinga yake pembeni, kama mtu asiyesikiliza. Tulipofika pale ambapo Yusuf anajua kwamba aliwekwa rehani, kinga ilisimama. Hakusema neno. Siku ya tatu alikuja kwangu kuomba ile buku, akasema ni kwa ajili ya bibi yake. Sasa, musingoje niwaambie kwamba mtoto amerudi shuleni. Angali anaenda kwenye karieri, na deni liko. Lakini baba alikwenda kwa yule mnunuzi na mzee mmoja wa kanisa, wakaandika deni kwenye karatasi: limebaki ngapi, litalipwa na nani. Kwa mara ya kwanza deni lina jina la baba, si la mtoto. Nitaendelea kufuata habari hiyo.

Vijana wanalalamika kwamba Kiswahili cha Peponi ni kigumu, ni cha pwani. Ni kweli. Kuna maneno ambayo hapa Katanga hatuyasemi, na sisi tuna yetu ambayo mtu wa Zanzibar hatayajua: umwambie bukari, umwambie lupangu, atakuangalia tu. Musiogope. Someni, ruka neno, endelea, maana itakuja nyuma. Na kuipata? Malori mengi yanayobeba shaba yetu yanapita Kasumbalesa, yanakata Zambia, yanafika bandari ya Dar es Salaam. Yanarudi na bidhaa. Dereva anayeweza kukuletea viatu anaweza kukuletea buku. Mimi yangu ilikuja hivyo, chini ya kiti, pamoja na mfuko wa vitunguu.

Najua munachotaka kuniambia sasa. Baba mmoja aliniambia kwenye mlango wa kanisa: «Pasta, buku hawapikake mu nyungu.» Ni kweli, buku haipikwi. Romani moja mpya kutoka Ulaya ni karibu euro 20, na hapa kuna wakati franka hizo ni mfuko wa unga wa kilo 25. Sitamwambia baba mwenye watoto saba aache mfuko wa unga anunue buku. Lakini familia kumi zikitoa kila moja franka za soda mbili kwa mwezi, mwisho wa mwaka kuna mabuku kadhaa katika sanduku, na hakuna aliyelala njaa. Sisi tunafanya hivyo. Mweka hazina wetu ni mama muuza samaki, na hakuna anayechelewesha buku kwake mara mbili.

Buku ya pili ni ya Daktari Denis Mukwege, La force des femmes, iliyotoka kwa Gallimard mwaka 2021. Daktari huyu munamjua, ni yule wa hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanza mwaka 1999, aliyepokea Prix Nobel ya amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Baba yake alikuwa mchungaji wa Wapentekoste. Mukwege mwenyewe anasimulia kwamba akiwa mtoto alifuatana na baba yake kwenda kuombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba, kiisha wakatoka. Mtoto Denis akauliza: mimi nikiwa mgonjwa unaniombea na unanipa dawa, mbona huyu hukumpa dawa? Baba akajibu kwamba yeye si mganga. Hapo mtoto akaamua: wewe utaomba, mimi nitatoa dawa. Ninyi wachungaji wenzangu munaosoma, simameni kidogo hapo. Mimi nilisimama.

Buku inasema mambo mazito, ya wanawake walioharibiwa katika vita ya mashariki. Mama mmoja wa kwetu aliyekimbia kutoka upande ule aliomba tusisome kurasa fulani mbele yake, tukafunga, tukaruka. Fanyeni hivyo pia, buku si mfalme. Lakini mimi ninaipendekeza zaidi kwa wababa. Maana daktari hakuandika juu ya machozi ya wanawake tu. Anaelekea kwa wanaume, anauliza namna gani tunalea watoto wa kiume, tunawafundisha nini juu ya dada zao. Tulipofika hapo wababa watatu walikumbuka kwamba wana kazi nyumbani. Wengine watanena kwamba Mukwege ni mtu wa siasa, sababu alisimama kuchaguliwa raisi mwaka 2023. Buku ilitoka miaka miwili mbele ya hayo. Isome kwa yaliyomo.

Juu ya kobalti, kila mtu ananiuliza buku ya Mmarekani Siddharth Kara, Cobalt Red, iliyotoka mwaka 2023 kwa Kiingereza. Mwandishi alifuata barabara yetu, kutoka Lubumbashi, akapita hapa Likasi na Kambove, mpaka Kolwezi. Aliona watoto wanaookota mawe, wanaume wanaoingia katika mashimo bila kitu cha kushikilia udongo, mama waliopoteza watoto. Hayo si uongo. Tumezika, tunajua. Na ni vizuri mwenye kununua telefone na gari la umeme kule mbali ajue kobalti ilipita katika mikono gani. Hata hivi, buku ile inanichokoza. Ukiisoma mpaka mwisho utafikiri hapa hakuna mtu anayecheka, hakuna korali, hakuna mama anayelipa shule kwa kuuza mikate, hakuna mchimbaji anayejua hesabu ya mawe yake kuliko mnunuzi. Wako pia watafiti wanaoijua Kolwezi waliomlaumu mwandishi kwa hayo. Kijana wetu mmoja anayejua Kiingereza alitusomea kurasa akizigeuza katika Kiswahili palepale. Mchimbaji mmoja akauliza: «Huyu muzungu, alituuliza tunataka nini?» Mimi nilimjibu kwamba Kara si muzungu vile unavyofikiri, wazazi wake walitoka India, lakini ulizo lako ni zuri, liweke.

Kwa watu wa Likasi, ninaongeza Spies in the Congo ya Susan Williams, ya mwaka 2016, nayo ni Kiingereza. Inasimulia Shinkolobwe. Wazee wetu walijua kwamba kuna kitu pale, maana barabara ilifungwa na watu hawakuulizwa. Uranium ya Shinkolobwe ndiyo Waamerika waliyoitumia kwa kutengeneza bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1940 tani zaidi ya 1,000 zilikuwa zimekwisha kufika New York. Vijana wengi wa hapa wanaijua Hiroshima kutoka kalasi ya historia, na hawajui kwamba ile njia inaanza karibu na kwao. Walimu wa sekondari, hii ni yenu.

Sasa romani, ni kusema hadithi za kutunga. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981. Watu wananiuliza juu ya Tram 83, yake ya mwaka 2014, iliyozunguka dunia. Mtu mzima aisome kama anataka, ina nguvu. Lakini si ya kuweka kwenye meza mbele ya watoto, imejaa baa na mambo ya usiku, na mimi sitaficha neno hilo. Ile ninayoipenda zaidi ni La Danse du Vilain, ya mwaka 2020. Ni siku za mwisho za Mobutu. Sanza anaacha nyumba ya wazazi, anakuwa mtoto wa barabarani pale Lubumbashi, ananusa kole na wenzake. Rafiki yake anakwenda Angola kutafuta almasi. Nayo si ya watoto wadogo. Lakini wewe mzazi ambaye mtoto wako anaanza kulala inje siku moja, siku mbili, isome. Mwandishi hapigi makofi wala hahukumu. Anaonyesha tu kwamba mtoto anayekwenda anatafuta kitu, na nyumbani hakuna aliyemuuliza ni kitu gani. Imeandikwa kama muziki, inarukaruka. Kuna mahali utapotea. Mimi nilipotea mara mbili, nikaendelea.

Ya Blaise Ndala, Dans le ventre du Congo, ya mwaka 2021, nitapita haraka, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu itakushika peke yake. Ni binti wa mfalme wa Wakuba anayejikuta Brussels, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1958, katika kile «kijiji cha Wakongo» ambapo watu wetu walikaa nyuma ya uzio na wageni wakaja kuwatazama. Uzio ule ulikuwa wa kweli, na haukuwa wa kwanza. Mwaka 1897, kule Tervuren, Wakongo 267 walipelekwa kuonyeshwa namna hiyo, na saba wakafa huko. Vijana wa kalasi ya mwisho wanaimaliza kwa juma moja. Inafaa pia mabinti.

Wengine wataniuliza: Pasta, na buku ya afya? Hapo nitavunja sheria yangu ya mabuku mapya. Mahali Pasipo na Daktari, ya David Werner, ni ya zamani, iko kwa Kiswahili na iko kwa Kifaransa, na sijaona iliyo mpya inayoishinda katika nyumba iliyo mbali na hospitali. Kuhara kwa mtoto, homa, kidonda, kuzaa: picha zinaeleza hata kwa asiyesoma. Muulize tu muuguzi wa karibu juu ya dawa, sababu dawa zinabadilika kuliko picha.

Ninabakiza moja, ambayo si mpya wala haiuzwi dukani, lakini vijana wanaopenda kuandika lazima wajue kwamba iko. Mwaka 1965 watu waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba za Wazungu, maboi na wapishi wa Élisabethville, walikuwa na chama chao, na mmoja wao, André Yav, aliandika historia ya mji wao. Aliiandika kwa mashini, katika Kiswahili cha Katanga, kile tunachosema kwenye lupangu, bila kungoja profesa amsahihishe. Waliokuwa wakipiga pasi nguo za wakubwa ndio waliosimulia wakubwa wale walikuwa nani. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo kwa Kiingereza, na sasa watu wa vyuo vikuu wanaisoma kule mbali. Tulipoeleza habari hii siku ya Mungu baada ya ibada, mzee mmoja aliyestaafu Gécamines aliuliza kama daftari lenye mistari linatosha. Tumempa mawili. Amekwisha kuandika kurasa kumi na moja juu ya mshahara uliochelewa na bustani ya mihogo iliyowalisha, na anakataa mtu asome mpaka amalize.

Namna tunavyosoma ni hii: saa tisa ya siku ya Mungu, moto ukikosekana tunakaa inje. Mmoja anasoma kwa Kifaransa ukurasa mmoja, mwingine anaueleza kwa Kiswahili, na mama asiyejua kusoma ndiye wa kwanza kuuliza ulizo. Si kila mtu anakaa mpaka mwisho. Watoto wanalala. Ni vizuri.

Kwa wale wa kwetu: Peponi sasa iko kwa mama wa korali wa upande wa Panda, atairudisha mwisho wa mwezi, na majina manne yamekwisha kuandikwa nyuma yake. La Danse du Vilain iko katika sanduku, hakuna aliyeichukua. Kwa wale wa Kolwezi na Fungurume, kama dereva wenu anakwenda Dar es Salaam mwezi ujao, mwandikieni jina la buku kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na mumpe makuta mbele ya kuondoka.